Masufuria yenye alama nyekundu

Swali nilitunga mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumlaumu: "Eleza mchango wa wahisani katika jamii unayoishi." Kidato cha Pili changu kina wanafunzi 52. Nilipokea madaftari 50. Wawili hawakuleta, mmoja kwa sababu daftari lake limelowa, na wa pili kwa sababu aliyelilowesha ni yeye. Nikayatia kwenye kikapu mpaka nyumbani, nikala, nikakaa ukumbini na kalamu nyekundu. Insha ya kwanza inaanza: "Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri." Ya pili hivyo hivyo. Nilipofika ya kumi nikaanza kuweka vijiti vya kuhesabia pembeni mwa gazeti. Walioanza na kutoa ni moyo walifika 46. Wale wanne waliobaki walianza na haba na haba hujaza kibaba.

Nawaheshimu wahenga, lakini usiku ule waliniudhi. Asubuhi nikauliza darasani nani amewahi kukiona hicho kibaba. Kimya. Siku ya pili yake nikabeba cha marehemu mama, kile cha kupimia fitri, nikawaonesha kwamba vibaba vinne ndiyo pishi moja, na pishi moja ya mchele ndiyo inayotolewa kwa kila kichwa kabla ya sala ya Idi, karibu kilo mbili na nusu. Kikazunguka madawatini. Mmoja akakivaa kichwani.

Lakini kilichoniumiza kwenye insha zile hakikuwa wahenga. Baada ya aya ya kwanza wote walielekea kule kule: mhisani ni mtu anayekuja kutoka nje. Ana gari nyeupe, ana fulana yenye maandishi, anagawa penseli na pipi, anajenga tangi la maji na juu ya tangi anaandika jina lake. Hakuna aliyeandika habari za mama yake. Hakuna aliyemtaja jirani anayewalea watoto wa mwenziwe bila ya kuitwa mlezi. Watoto wa Ng'ambo ya Unguja, mtaa ambao hakuna maiti anayezikwa kwa pesa za mwenyewe peke yake, wananiandikia kwamba ukarimu unateremka bandarini.

Nikajiuliza nani amewafundisha hivi. Jibu nilikuwa nalo, ila nilikuwa silitaki.

Mwaka juzi tulipata wageni skulini kwetu. Walileta mikoba 30 ya mgongoni, mizuri, zipu za kweli, na kwa mbele imetariziwa kwa uzi wa manjano jina la waliotoa na maneno ya kuwatakia watoto mustakbali mwema. Mwalimu mkuu akanipa mimi kazi ya kuandika orodha ya watoto 30 wenye hali ngumu. Nikaiandika. Nikaisoma mstarini asubuhi, jina moja moja, mbele ya skuli nzima, kwa sauti niliyoiona ni ya furaha. Wakapanga safu mbili, wafupi mbele, kila mmoja kaushika mkoba kifuani ili yale maandishi yaonekane. Msichana mmoja wa darasa langu akaniuliza kwa chini: "Mwalimu, lazima nitazame kamera?" Nikamwambia: "Tazama mwanangu, cheka kidogo."

Wiki tatu baadaye alipita mbele yangu na ule mkoba mgongoni. Maandishi hayapo. Alikuwa amekaa na wembe akaufumua uzi wa manjano herufi kwa herufi. Alifumua kwa ustadi, hakuichana nguo, lakini tundu za sindano zilibaki, na ukiusogelea mkoba kwenye jua bado ulikuwa unasomeka.

Nilikaa na jambo hilo mwaka mzima bila ya kulisema. Sasa yuko Kidato cha Nne, na siku moja nilipomkuta peke yake maktaba nikamuomba radhi, nikamuuliza tulitakiwa tufanyeje. Nilitarajia aniambie tungempelekea nyumbani kwa siri. Akanijibu kwa adabu kabisa: "Mkoba nilikuwa nao, mwalimu. Viatu ndivyo sikuwa navyo."

Basi mwaka huu, baada ya zile insha 50, niliamua kuitupa mada yangu yote na kuanza upya. Sikuwaeleza maana ya uhisani ubaoni. Niliwapa kazi ya nyumbani ya sentensi moja: Kaulize mtaani kwako ni kitu gani watu wote wanakitumia, hakuna anayekilipia, na aliyekitoa hatajwi. Nikawakataza kurudi na majina ya watu, na nikawakataza wahenga.

Jumatatu walikuja na mambo ambayo mimi mwenyewe, mzaliwa wa hapa, nilikuwa nayapita kila siku. Bomba lililotolewa nje ya ukuta wa msikiti ili wapita njia wachote. Misahafu yenye jina la marehemu kwenye jalada la ndani. Kiti cha magurudumu ambacho kimeshatumiwa na wazee wanne wa mitaa miwili, kila anapofariki mmoja kinahamia kwa mwengine. Mkeka wa maulidi. Mwembe. Wavulana watatu kwa wakati mmoja waliandika jeneza la msikiti, na darasa likacheka, kisha likanyamaza, kwa sababu kweli ni kitu ambacho kila mmoja wetu atakipanda na hakuna atakayeulizwa nauli.

Na msichana mmoja aliandika: "Masufuria ya bibi."

Tulikwenda kumuona huyo bibi, kumi na wawili kati yetu, maana nyumba yake haichukui zaidi. Uani, chini ya bati, kuna masufuria makubwa saba yamefunikiziwa juu ya matofali. La kubwa kabisa linapika kilo 25 za mchele. Mtoto wa Kidato cha Pili anaweza kukaa ndani akafunikwa, na mmoja alitaka kujaribu. Kuna miko mirefu kama makasia, pawa, masinia, na madebe mawili ya kuchemshia chai. Kila chombo kimepigwa alama ya rangi nyekundu chini, ya rangi ya mafuta iliyobaki mtu alipopaka dirisha. Masufuria yalikuwa ya shangazi yake. Alipokuwa mgonjwa alisema hayataki yagawiwe kwenye mirathi, yawe ya mtaa, na huyu bibi akawa ndiye mwenye kuyatunza. Ni zaidi ya miaka thelathini sasa.

Watoto wakatoa madaftari, wakaanza kuuliza kama maofisa wa sensa. Anatoza kiasi gani? Hatozi. Anaandika majina ya wanaoazima? Haandiki. Sasa anajuaje yaliko?

"Nahesabu vifuniko," alisema. "Sufuria haliibiki, litafichwa wapi? Kifuniko ndicho kinachopotea."

Masharti yake ni mawili. Chombo kirudi kimesuguliwa chini kwa mchanga na jivu, na kirudi kabla ya magharibi ya siku ya pili, kwa sababu msiba hauweki miadi. Halafu mwanafunzi mmoja akauliza kama anaanza kwanza na wenye maziko au wenye harusi. Bibi akasema hawaulizi watu wanapika nini. "Ukinambia harusi nitataka biriani. Ukinambia maziko nitaanza kulia, na mimi presha. Chukua sufuria nenda zako."

Walicheka sana. Mimi nilikuwa natazama zile alama nyekundu. Zile za masufuria zinakaa chini, mahali ambapo mwenye kula haoni. Ile ya mkoba tuliiweka kifuani.

Hapo ndipo nilipoweza kuwafundisha neno wakf likaeleweka. Watoto wetu wanalisikia tangu wadogo, wanajua kuna nyumba za wakf Mji Mkongwe na kuna Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, lakini ukiwauliza wakf ni nini wanakwambia ni "mambo ya serikali ya nyumba." Nikawasimulia asili yake, kwamba Sayyidna Umar alipata shamba Khaybar, akamuuliza Mtume alifanye nini, akaambiwa alizuie shina lake na atoe matunda yake sadaka. Shina haliuzwi, halirithiwi, halipewi mtu zawadi. Matunda ndiyo yanayotembea. Mtu anaweza kuweka wakf kwa ajili ya kizazi chake, na anaweza kuweka kwa ajili ya msikiti, kisima, mafukara, wasafiri. Mvulana mmoja, ambaye mtihani wa hesabu aliniangushia kila mara, akasema: "Kwa hiyo sufuria ndiyo shina, wali ndiyo matunda." Nikampa alama zote kumi palepale, na nikamwambia asizoee.

Maneno ya dini yalipoingia, yaliingia na ubishi. Mmoja akaleta aya ya 264 ya Suratul Baqara, inayokataza kuziharibu sadaka kwa masimbulizi na udhia. Wengi hawakulijua neno masimbulizi mpaka nilipowauliza kama hawana mjomba anayewakumbusha kila mkutano kwamba yeye ndiye aliyewanunulia viatu vya Idi. Hapo kila mtu alikuwa naye. Mwanafunzi wetu Mkristo akasema hata kwenye Injili ya Mathayo imeandikwa mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kulia, na wenzake wakamwambia mbona hiyo sisi tunayo kwenye hadithi, ikawa kama mashindano ya nani ana mkono wa kushoto mjinga zaidi. Kisha msichana mmoja wa mstari wa mbele, ambaye siku zote ananisahihisha na siku zote ana haki, akasema aya ya 271 ya sura ile ile inasema ukizidhihirisha sadaka ni vizuri pia, ila kuzificha ukawapa mafukara ni bora zaidi. Kwa hiyo, alisema, si kila anayeandika jina lake kwenye tangi ana ria ya kujionesha. Wengine wanaandika ili wengine waige. Sikuwa na la kujibu, na sikujilazimisha kuwa nalo.

Wiki iliyofuata tukaenda kwa miguu mpaka Mizingani, kuitazama Dispensari ya Zamani. Nilikuwa na sababu yangu. Nilitaka wakione kitu kilichotolewa kwa jina na kwa fahari, kizuri mno, wasije wakadhani nawafundisha kwamba kila mwenye jina ni mnafiki. Jengo lile wanalijua wote kwa nje: baraza za mbao zilizonakshiwa kama kitambaa cha almaria, vioo vya rangi, linatazama bandari. Wengi walidhani ni hoteli. Nikawaeleza kwamba jiwe la msingi liliwekwa 1887, mwaka wa kuadhimisha miaka 50 ya utawala wa Malkia Victoria, na mtoaji alikuwa Tharia Topan, mfanyabiashara aliyetoka Kutch huko Bara Hindi akiwa kijana, akapanda mpaka akawa msimamizi wa ushuru wa forodha wa Sultani na mmoja wa matajiri wakubwa wa pwani hii. Alitaka iwe hospitali ya watu wasio na uwezo. Alifariki 1891 haijaisha, mjane wake akaiendeleza, ikakamilika 1894. Baadaye ikauzwa, na ndipo ilipokuwa dispensari chini na nyumba za kukaa juu. Miaka ya 1990 ilikuwa imechakaa vibaya, ikafanyiwa ukarabati na taasisi ya Aga Khan.

Nilitegemea waulize habari za nakshi. Mvulana wa nyuma, ambaye sikudhani hata ananisikiliza, akauliza: "Na yeye pesa alizitoa wapi?"

Ukifundisha uhisani ukalikwepa swali hilo, hujafundisha kitu. Nikamwambia ninalolijua. Karafuu, ushuru, pembe za ndovu. Na mikopo: Tharia Topan ndiye aliyekuwa akimkopesha bidhaa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, huyu tunayemwita Tippu Tip, ambaye nyumba yake iko Shangani hapo, mwendo mfupi kutoka tulipokuwa tumesimama. Na misafara ya Tippu Tip kwenda Manyema na Kongo haikurudi na pembe peke yake. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa 1873, miaka 14 tu kabla ya jiwe lile la msingi kuwekwa. Watoto wote wanajua kwamba kanisa lilijengwa pale pale lilipokuwa soko.

Wakakaa kwenye ukuta wa bahari, jua linawaka, wakabishana. Mmoja akasema: "Mgonjwa aliyetibiwa hakuuliza pesa za wapi." Wa nyuma akamjibu: "Basi na yule aliyeuzwa naye tumuulize." Muuza maji ya machungwa aliyekuwa karibu yetu akaacha kukamua, akawa anasikiliza. Akaingia na yeye: babu yake alitibiwa humo, alisema, mguu. Hakuna aliyeshinda. Njiani kurudi, pale Darajani kwenye msongamano, nilimsikia mmoja anamuuliza mwenziwe kama ile mikoba 30 ilitokana na pesa gani, na mwenziwe anamwambia nyamaza mwalimu anasikia.

Mambo mengine niliyapita haraka. Zaka na nisabu yake nimemuachia mwalimu wa dini, anaijua kuliko mimi. Harusi na kutunza nimeyaruka kabisa, kwa sababu kila nikiyataja darasa linageuka ukumbi wa ngoma. Lakini jambo moja sikuweza kuliruka, kwa sababu walilileta wenyewe.

Mlango wa choo cha wasichana ulikuwa hauna bawaba ya juu. Ukiingia, mwenzio anaushikilia kwa nje. Tulipoanza kuzungumza kuhusu kuchangishana, jambo la kwanza lililopendekezwa lilikuwa hilo, na mimi nikafurahi, nikaona somo limezaa. Yule msichana wa mstari wa mbele akakataa. Akasema elimu hapa Zanzibar ilitangazwa bila malipo tangu Septemba 1964, na mlango wa choo ni sehemu ya skuli. Tukiutengeneza kwa pesa za pipi zetu, mwaka kesho ukivunjika tutaambiwa si mlitengeneza wenyewe. Akatoa mfano wa bibi yake, ambaye anapokea pencheni jamii. Ilipoanza Aprili 2016 ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee aliyetimiza miaka 70, mwenye nacho na asiye nacho. "Bibi anapokwenda kuichukua hasemi ahsante," alisema. "Anasema mmechelewa."

Nimefundisha Uraia miaka 22 na sijawahi kuweza kuitenganisha haki na hisani kwa maneno machache namna hiyo. Nililiandika ubaoni, na nikawaachia walijadili bila ya mimi kuingia. Mwisho wakaandika barua kwa kamati ya skuli, watu 52 wametia saini, wengine kwa mbwembwe za wasanii. Fundi amekuja, amepima, ameondoka. Hii ni wiki ya tano. Bawaba bado, lakini wameshaandika barua ya pili, na hii ya pili Kiswahili chake ni kikali zaidi. Nimewapunguzia maneno mawili tu.

Kwa hiyo mchango wao wakauelekeza kwao wenyewe, kwa yale mambo madogo yanayomfanya mtoto asije skuli: nauli, kalamu, pesa ya pedi, andazi la mapumziko. Kila Ijumaa, kabla hatujatoka mapema kwa ajili ya sala. Nilipendekeza kisanduku chenye kufuli na fomu ya kuomba. Nilikuwa nimeshaanza kuichora fomu, jina, darasa, sababu. Mwenyewe nilipofika kwenye "sababu" mkono ukasita, nikaukumbuka ule mkoba.

Wazo lililopita lilitoka kwa wale wavulana wa jeneza. Mfuko wa kitambaa, mweusi, mdomo wake unafungwa kwa kamba kama mfuko wa kufulia. Unazunguka darasa zima. Kila mtu lazima aingize mkono ukiwa umekunja ngumi, na autoe ukiwa umekunja ngumi. Mwenye kutia atatia. Mwenye kuchukua atachukua. Asiye na la kutia wala la kuchukua naye ataingiza mkono, na hakuna atakayejua nani ni nani.

Mimi niliogopa. Nasema ukweli, niliogopa wizi. Ila aliyepinga kwa nguvu hakuwa mimi bali mshika fedha tuliyemchagua, kijana mwenye daftari la mistari iliyopigwa kwa rula, Imeingia kushoto, Imetoka kulia. Alikuwa ameshaandika vichwa vya habari kwa wino wa rangi mbili. "Mwalimu, hii haiwezekani kuwa na hesabu," alisema. "Ijumaa ukikuta elfu tano, hujui kama zimeingia elfu tano au zimeingia ishirini zikatoka kumi na tano. Nikiulizwa nitasema nini?" Alikuwa na haki. Michango mingapi ya mitaa yetu imeishia kwa mtu kununua pikipiki kwa sababu hapakuwa na daftari? Niliwaambia hivyo darasani. Stara ni kitu kizuri, lakini giza la stara ndilo hilo hilo analojificha mwizi.

Wakabishana vipindi viwili. Bibi wa masufuria ndiye aliyewatoa. Mmoja akakumbusha: yeye haandiki majina, anahesabu vifuniko. Basi mshika fedha akakubali, shingo upande, kuhesabu kitu kimoja tu, mfuko una kiasi gani kabla ya kuzunguka na una kiasi gani baada ya kuzunguka, mbele ya watu wawili wanaobadilika kila wiki. Akaifuta mistari yake miwili kwa rula ile ile, akaandika safu moja: Imebaki.

Ijumaa ya kwanza ulibaki na 8,150. Ya pili 6,900, na kitufe cha shati. Ya tatu 2,300 tu, na darasa likaanza kutazamana, na mimi usiku sikulala vizuri. Ya nne 9,400. Sijui kilichotokea baina ya ya tatu na ya nne na nimejizuia kuulizia.

Ijumaa iliyopita ilikuwa ya mwisho kabla ya likizo ya Ramadhani. Mfuko ukazunguka, ukafika mbele, mshika fedha akaumimina juu ya meza yangu, mashahidi wake wawili pembeni. Noti, sarafu, na kijikaratasi kilichokunjwa mara nne. Akakikunjua. Nilikuwa nimekaa upande wa pili wa meza, niliweza kuona tu kwamba ni mistari miwili ya wino wa buluu, ya mwandiko mzuri uliolala upande. Akakisoma. Akanyanyua macho, akalitazama darasa mahali fulani kwa muda usiozidi kufumba na kufumbua, na nikajua kwamba mwandiko ameutambua. Wamekaa pamoja tangu darasa la kwanza hawa, wanajuana mpaka namna ya kukata herufi t.

Mmoja wa mashahidi akanyoosha mkono akitaka kukiona. Mshika fedha akakikunja tena mara nne, akakitia mdomoni, akaanza kutafuna.

Akahesabu pesa, akapiga rula, akaandika: Imebaki 7,450. Nikamuuliza kile kikaratasi kilikuwa kimeandikwa nini.

"Hesabu, mwalimu," akasema, bado anatafuna.